Jiwe Lisilo na Mtoaji: Riwaya za Vimondo na Swali la Zawadi

Miongoni mwa vitabu ambavyo watu hununua ili wawape wengine, na pengine bila wao wenyewe kuvisoma, zimo riwaya zinazosimulia habari za nyota zilizoanguka, za vimondo vilivyotua mashambani au barafuni, na za nyotamkia zilizokaribia kuigonga dunia. Riwaya hizi zina sifa moja isiyopatikana kwa urahisi katika zawadi nyingine za aina hiyo, nayo ni kwamba kinachosimuliwa ndani yake ni kitu kilichowafikia watu bila kuombwa, bila kununuliwa na bila kuonekana mkono uliokitoa, hivyo kwamba anayempa mwenzake riwaya ya namna hiyo humpa, ndani ya zawadi, hadithi inayouliza zawadi ni nini. Swali linaloshughulikiwa hapa ni hilo: je, kitu kilichoanguka chenyewe kutoka angani chaweza kuitwa zawadi, na kama hakiwezi, ni tendo gani, la mwanadamu au la Mungu, linalokipa hadhi hiyo?

Kimondo, kwa maana ya kisayansi, ni kipande cha mwamba au cha chuma kinachoingia katika angahewa ya dunia kutoka anga za mbali na kuwaka kwa sababu ya mwendo wake mkali, na mara nyingi huteketea chote kabla ya kufika chini. Kile kidogo kinachosalia na kutua ardhini ndicho kitakachoitwa hapa jiwe la kimondo. Watu wa kawaida walijua tangu kale kwamba mawe huanguka, lakini wataalamu wengi wa Ulaya katika karne ya 18 waliwacheka wakulima waliotoa ushahidi huo, mpaka Ernst Chladni alipochapisha mwaka 1794 hoja yake kwamba mawe hayo yanatoka nje ya dunia, na mpaka Jean-Baptiste Biot alipotumwa kuchunguza mawe mengi yaliyoanguka L'Aigle, Ufaransa, mwezi Aprili 1803, akarudi na ripoti ambayo haikuacha nafasi kubwa ya kubisha. Tangu hapo swali la mawe hayo yametoka wapi lilikuwa na jibu, ila swali la nani amempa nani halikuguswa, kwa kuwa si la kupimwa kwa mizani ya maabara.

Katika fikihi ya Kiislamu, yaani elimu ya sheria inayotokana na Kurani na Suna, kumpa mtu mali bila malipo huitwa hiba, na wanazuoni wengi huitaka itimize mambo matatu: ijabu, ambayo ni tamko au tendo la mtoaji la kuonyesha kwamba anatoa, kabuli, ambayo ni kukubali kwa mpewaji, na kabdhi, yaani kitu chenyewe kuingia mikononi mwa mpewaji. Seneca, mwanafalsafa wa Kirumi wa karne ya 1, alifika karibu na hapo kwa njia nyingine, kwani katika kitabu chake juu ya fadhila alifundisha kwamba fadhila haimo katika kitu kinachopita kutoka mkono hadi mkono, bali imo katika nia ya yule anayekipitisha. Na Waswahili wanaosema kwamba kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, wamesimama upande huohuo. Kwa kipimo hiki jiwe la kimondo linakwama kwenye hatua ya kwanza kabisa. Kabdhi ipo, tena ya haraka, maana watu hulikimbilia mara linapotua. Kabuli ipo pia. Lakini ijabu haipo, kwa sababu anga halikutamka neno wala halikuwa na nia.

Kipo hata hivyo kipimo cha pili, kinachokwenda kinyume na hicho. Jacques Derrida, katika kitabu alichokitoa mwaka 1991 juu ya kutoa na wakati, alidai kwamba zawadi ikishatambuliwa kuwa zawadi huanza papo hapo kuwa deni, kwa kuwa mpokeaji hujiona anadaiwa shukurani na mtoaji hujilipa kwa kujiona mkarimu, na kwa hiyo zawadi safi ingekuwa ile ambayo mtoaji hajui kuwa ametoa na mpokeaji hajui kuwa amepewa. Yeyote aliyewahi kusaidiwa kisha akasimangwa kwa msaada huo anaelewa upesi Derrida anaogopa nini. Hapa jiwe la kimondo, lililoanguka mtihani wa hiba, linapata alama zote: halina mwenye kusimanga, halidai shukurani, halikumbuki kwamba lilitolewa. Vipimo hivi viwili haviwezi kuwa sahihi vyote kwa pamoja, na riwaya za vimondo zikisomwa kwa makini ni mahali pazuri pa kuvijaribu, kwa sababu waandishi wake wamelazimika, wengine bila kukusudia, kuamua ni nani kati ya wahusika wao aliyepewa na ni nani aliyenyakua.

Kabla ya riwaya hizo, jibu la dini halina budi kusikilizwa, maana kwa muumini hakuna kitu kinachoanguka pasi na mwenye kukiangusha. Waraka wa Yakobo katika Agano Jipya unafundisha katika sura yake ya kwanza kwamba kila kipaji kilicho chema hushuka kutoka juu, kwa Baba wa mianga, na papo hapo unamtenga Baba huyo na mianga yenyewe, kwa kuwa mianga hugeuka na kutupa vivuli ilhali yeye habadiliki. Kurani, katika sura inayoitwa kwa jina la chuma, Surat al-Hadid, inakitaja chuma kuwa kitu kilichoteremshwa, chenye nguvu kali na manufaa kwa watu. Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alipoichambua shukurani katika Ihya Ulum al-Din alitoa mfano wa mfalme aliyempa mtu farasi: mtu huyo anaweza kufurahi kwa sababu amepata farasi, na furaha hiyo ingekuwa ileile hata kama angemwokota nyikani, au akafurahi kwa kuwa farasi ni dalili kwamba mfalme anamjali, au akafurahi kwa kuwa atampanda farasi huyo aende kumtumikia mfalme na kuwa karibu naye. Farasi aliyeokotwa nyikani ndiye jiwe la kimondo lililopatikana shambani, na al-Ghazali hakusema kwamba furaha ya kuokota ni mbaya, alisema tu kwamba haijafikia kuwa shukurani.

Jibu hilo, hata hivyo, linaacha pengo ambalo wahubiri huliruka kwa haraka. Kuamini kwamba kitu kimetoka kwa Mungu si sawa na kuamini kwamba kimetumwa kwa mtu fulani, na historia ya mawe ya vimondo imejaa watu waliochanganya mambo haya mawili. Tarehe 7 Novemba 1492 jiwe kubwa lilianguka karibu na mji wa Ensisheim katika eneo la Alsace, na Maximilian, mfalme aliyekuwa katika ugomvi na Ufaransa, alipofika mjini hapo wiki chache baadaye alishauriwa, na akakubali, kwamba jiwe hilo ni ishara njema kwa upande wake, kisha likawekwa kanisani. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 19, karani wa mji wa Efeso anautuliza umati kwa kuukumbusha kwamba mji wao ndio mlinzi wa kitu kilichoanguka kutoka mbinguni, kana kwamba mbingu zilikuwa na anwani ya Efeso. Kinyume cha tabia hiyo ni kauli inayosimuliwa kutoka kwa Khalifa Umar bin al-Khattab mbele ya Jiwe Jeusi la Makka, ambalo waandishi kadhaa wa Ulaya wamelidhania kuwa kimondo bila uchunguzi wowote wa kimaabara: Umar alilibusu, huku akitamka kwamba anajua ni jiwe lisilodhuru wala kunufaisha, na kwamba asingelibusu kama asingemwona Mtume akifanya hivyo. Heshima ya jiwe, kwa fikra hiyo, haikutokana na mahali lilikotoka.

Katika orodha mashuhuri ya majina 99 ya Mwenyezi Mungu, pamoja na Al-Wahhab, yaani mwingi wa kutoa, limo jina la Al-Mani, yaani mwenye kuzuia, na wasomaji wengi hulipita jina hilo la pili wakilihisi kuwa gumu kuliko lile la kwanza. Lakini ndilo linaloipa maana ya kutoa uti wa mgongo wake. Jua halitoi nuru kwa ukarimu, kwa sababu haliwezi kuizuia. Mto hautoi maji kwa huruma. Atoaye ni yule ambaye angeweza kukishika kitu na akakiachilia, na akakiachilia kumwelekea fulani. Kwa hiyo muumini anaposema kwamba kimondo ni zawadi hasemi upuuzi, kwa kuwa anadai kuwapo kwa mmoja mwenye uwezo wa kuzuia. Na asiyeamini anaposema kwamba kimondo si zawadi bali ni tukio tu, naye hasemi upuuzi. Wote wawili wanakubaliana, pasipo kujua, juu ya sharti lenyewe, na ni Derrida anayebaki pembeni, kwani zawadi yake safi inaondoa uwezo wa kuzuia pamoja na kila kitu kingine, na kilichosalia baada ya kusafisha kote huko ni ajali.

Riwaya inayolionyesha jambo hili kwa kicheko ni La Chasse au météore ya Jules Verne, iliyotoka mwaka 1908, miaka mitatu baada ya kifo chake, ikiwa imefanyiwa mabadiliko makubwa na mwanawe Michel. Katika mji wa kubuni wa Whaston, jimboni Virginia nchini Marekani, mabwana wawili wanaopenda kutazama nyota, Dean Forsyth na daktari Hudelson, wanakiona kimondo kilekile kwa wakati mmoja, na kila mmoja anadai kuwa yeye ndiye mgunduzi. Wawili hao ni marafiki, na mpwa wa mmoja yuko karibu kumwoa binti wa mwingine. Kadiri kimondo kinavyozunguka juu ndivyo urafiki unavyooza chini, na inapobainika kwamba kimondo chenyewe ni cha dhahabu tupu, ugomvi wa nyumba mbili unageuka kuwa ugomvi wa dunia: mataifa yanakaa vikao kujadili mali ambayo bado haijaanguka, masoko ya fedha yanayumba, na kila mtu anakuwa na haki isipokuwa watu wa mahali kitakapotua. Verne, ambaye kwa kawaida hupenda mashine kuliko watu, hapa amewatazama watu kwa jicho kali lisilo la kawaida yake, na haielekei kuwa ni bahati kwamba kitu kinachovunjwa na dhahabu hiyo kwanza kabisa ni harusi, yaani mahali ambapo familia hupeana watoto wao kwa ijabu na kabuli.

Michel Verne aliongeza mhusika ambaye baba yake hakumwandika, Zéphyrin Xirdal, mwanasayansi mvivu na mwerevu kupita kiasi, anayebuni mashine ya kukivuta kimondo kianguke kwenye kipande cha ardhi ya Greenland alichokinunua mapema. Xirdal ndiye mtu pekee katika kitabu hicho anayekuwa na uwezo wa kweli wa kukishika kimondo, na anapochoshwa na makelele ya walafi anakiachia kizame baharini. Msomaji mwenye haraka atasema kwamba hapa basi pana zawadi, kwa kuwa aliyeweza kuzuia ameachilia. Lakini kuachilia huko hakumwelekei mtu. Ni kutupa, na kutupa na kutoa hufanana kwa mkono tu. Sharti lililotajwa juu lina nusu mbili, na Xirdal ametimiza moja.

Nusu zote mbili hukutana katika Stardust ya Neil Gaiman, iliyotoka kama kitabu cha nathari tupu mwaka 1999, na ambayo pengine ndiyo inayonunuliwa zaidi kuliko zote hizi kwa ajili ya kupewa wapenzi na wachumba. Kijana Tristran Thorn, wa kijiji cha Wall nchini Uingereza, anamwahidi msichana aitwaye Victoria Forester kwamba atamletea nyota waliyoiona ikianguka, na Victoria, akiamini kwamba jambo hilo haliwezekani, anaahidi kwamba akiletewa atampa kijana huyo chochote atakachotaka. Huo, kwa hakika, si utoaji bali ni biashara iliyovaa nguo za mapenzi. Kijana anapofika upande wa pili wa ukuta uliokipa kijiji hicho jina lake, katika nchi ya kichawi, anagundua kwamba kilichoanguka si jiwe bali ni mwanamke, Yvaine, aliyevunjika mguu na mwenye hasira kubwa ya kuangushwa kwake. Na jambo la kwanza analolifanya Tristran ni kumfunga kwa mnyororo, ili asimpoteze huyo aliyekusudia kumfanya zawadi. Gaiman ametumia hapa tashihisi, yaani mbinu ya kukipa kitu kisicho mtu sifa za mtu, lakini hakuitumia kama pambo. Nyota ikishakuwa na nafsi, wazo la kuitoa zawadi linatisha, kwa kuwa mtu hawezi kutoa kisicho chake, na nafsi ya mwingine si mali ya yeyote.

Kisha riwaya inaendelea kulipindua swali mara tatu. Kwanza, Tristran anauokoa uhai wa Yvaine, na Yvaine anamwambia kwa uchungu kwamba kwa sheria ya jamii yake sasa amefungika kwake, lazima amfuate anakokwenda: fadhila iliyotendwa kwa moyo safi imefanya kazi ileile ya mnyororo, na pengine kwa ukali zaidi, kwa kuwa mnyororo angeweza kuukimbia. Hofu ya Derrida imepata mwili. Pili, kijana anaporudi kudai ahadi yake anamkuta Victoria akiwa amemkubali mwanamume mwingine, bwana Monday, lakini akiwa tayari kuvunja uchumba huo kwa sababu aliahidi. Na Tristran, mwenye haki kamili ya kudai, anamjibu kwamba anachokitaka ni Victoria aolewe na huyo Monday. Hapo, kwa mara ya kwanza katika kitabu kizima, mtu anatoa: alikuwa na kitu mkononi kwa haki, aliweza kukizuia, akakiachilia kwa ajili ya mtu anayemjua kwa jina. Ajabu ni kwamba kitu chenyewe si nyota, ni deni.

Mara ya tatu ndiyo yenye kina zaidi. Mchawi mzee amemsaka Yvaine kurasa nyingi ili aukate moyo wake kwa kisu na kuula arejeshewe ujana, na anapompata hatimaye anashindwa kuuona, kwa sababu moyo huo hauko tena kwa Yvaine, ameshampa mwingine. Msomaji anaweza kulichukulia hili kuwa utani wa maneno kutoka kwa mwandishi anayependa utani, na kwa kiasi fulani ndivyo lilivyo. Lakini hoja iliyo chini yake ni thabiti: kuna vitu ambavyo, vikinyakuliwa, havipatikani hata kama mnyakuzi amevishika, kwa kuwa uwepo wake wenyewe umo katika kutolewa. Na Gaiman anaweka mpaka mwingine mkali, kwamba Yvaine akivuka ukuta na kuingia katika dunia ya kawaida atageuka papo hapo kuwa kile ambacho nyota iliyoanguka huwa huku kwetu, kipande baridi kilichokufa. Upande mmoja wa ukuta yuko mwenye nafsi, anayeweza kutoa na kuzuia. Upande wa pili liko jiwe. Ukuta huo ndio mgogoro mzima wa swali hili, na hakuna mwanafalsafa aliyeuchora kwa ufupi kiasi hicho.

Karel Čapek, mwandishi wa Kicheki, aliliendea jambo hilo kwa njia ya ukimya. Katika Povětroň, riwaya ya mwaka 1934 ambayo jina lake ni kimondo, anayeanguka kutoka angani ni abiria wa ndege iliyopata ajali katika dhoruba, anayelazwa hospitalini bila fahamu, bila hati na bila jina. Mtawa anayemuuguza, mpiga ramli na mshairi, kila mmoja anasimulia maisha ya mgonjwa huyo kwa namna yake, na masimulizi hayo yanagusana hapa na pale bila kulingana. Kile kilichoanguka hakisemi; maana yote inatoka kwa waliokizunguka. Wapo watakaoona hapa ushahidi kwamba binadamu hujitungia watoaji, kwamba Maximilian, watu wa Efeso na mkulima aliyeokota jiwe shambani wote wanafanya alichofanya yule mpiga ramli. Lakini wasimulizi hao watatu wa Čapek, kabla ya kutunga, wanakaa kando ya kitanda, au angalau wanamtafakari mgonjwa asiyeweza kuwalipa chochote, na katika kumsimulia wanamwachia sehemu ya maisha yao wenyewe. Kama mgonjwa si zawadi kwao, wao wanakuwa watoaji kwake.

Riwaya ya H. G. Wells ya mwaka 1906, In the Days of the Comet, inaugeuza mtihani wa hiba juu chini. Kijana maskini, Leadford, anawafuata kwa bastola msichana aliyemwacha na mwanamume aliyemchukua, wakati nyotamkia inakaribia. Nyotamkia inapoigusa dunia, hewa yake ya ajabu inawalaza watu wote, na wanapoamka wamekuwa wema, wenye akili tulivu, wasiotaka vita wala wivu. Wells, msoshalisti asiyekuwa na subira, alitaka dunia mpya na akaiagiza kutoka angani. Ugumu uliomo hapa ni kabuli: hakuna aliyeulizwa kama anataka kuwa mwema, na hakuna aliyeweza kukataa. Wanateolojia wa Kikristo waligombana juu ya jambo hili tangu karne ya 5, Augustino akishikilia kwamba neema, yaani msaada wa Mungu usiostahiliwa, ndiyo inayoutangulia utashi wa mtu, na Pelagio akiutetea uhuru wa mtu kujichagulia wema. Lakini hata Augustino hakudai kwamba neema humlaza mtu usingizi na kumwamsha akiwa mwingine. Wema wa Leadford baada ya kuamka ni wa kweli kwa matendo yake, ila si rahisi kuonyesha kwamba ni wake. Ikiwa jiwe la Verne ni kitu kilichopokelewa bila kutolewa, nyotamkia ya Wells ni kitu kilichotolewa bila kupokelewa.

Mawe halisi yamepitia mikono ya aina zote hizi. Kule Cape York, kaskazini-magharibi mwa Greenland, Wainuit walitumia kwa karne nyingi chuma cha vimondo vikubwa kutengenezea visu na ncha za chusa, wakigonga vipande vidogo vidogo bila kuvihamisha vimondo vyenyewe, mpaka mpelelezi wa Kimarekani Robert Peary alipovichukua katika miaka ya 1890, kikiwamo kile chenye tani 31 alichokipakia melini mwaka 1897, na hatimaye vikauzwa kwa jumba la makumbusho la historia ya maumbile la New York kwa dola 40,000. Wainuit walikitumia na kukiacha kibaki kwa ajili ya wengine. Peary alikipata chote, na mara alipokipata chote kikawa na bei. Kimondo cha Mbozi, kusini-magharibi mwa Tanzania, chenye uzito unaokadiriwa kuwa tani 16 na urefu wa mita 3 hivi, kilijulikana kwa wenyeji zamani kabla ya habari zake kuwafikia wakoloni mwaka 1930, na inaelezwa kwamba miiko ndiyo iliyowafanya wenyeji wasikitangaze. Watafutaji wa kumbukumbu za safari wameacha alama za kuchongachonga kwenye ncha yake, ingawa mchanganyiko wa chuma na nikeli ni mgumu mno kukatika. Mwiko, kwa tafsiri moja, ni woga tu. Kwa tafsiri nyingine, ambayo inaonekana kuwa na uzito zaidi, ni njia ya jamii kujizuia isikifanye mali kitu ambacho haina hakika kwamba imepewa.

Marcel Mauss, katika insha yake maarufu ya miaka ya 1920 juu ya zawadi, alionyesha kwamba katika jamii nyingi zawadi huja na wajibu mara tatu, wa kutoa, wa kupokea na wa kurudisha. Watu wa Afrika Mashariki hawahitaji kufundishwa hilo na Mfaransa. Kikoa, ambamo wenzi hulishana kwa zamu, na daftari la michango ya harusi, ambamo jina la kila aliyetoa hukaa likisubiri harusi yake, ni maelezo ya kutosha. Jambo la kuongezea ni kwamba wajibu huo hauifuti zawadi, kwa kuwa hakuna sheria inayotaja kiasi wala siku, na katika nafasi hiyo isiyotajwa ndimo moyo wa mtoaji unapoonekana. Hofu ya Derrida ni ya haki kwa mtu aliyesimangwa. Si ya haki kwa kikoa.

Zipo pia riwaya ambazo ndani yake kitu hakianguki. Tove Jansson, Mfini aliyeandika kwa Kiswidi, alitoa mwaka 1946 hadithi ya viumbe wake wadogo, Wamumini, wanaoishi chini ya nyotamkia nyekundu inayokaribia, bahari ikikauka na joto likizidi, mpaka wanajificha pangoni na nyotamkia inapita ikiikosa dunia kwa kiasi kidogo tu. Kilichotolewa hapo ni kuzuiwa. Ibn Ataillah wa Aleksandria, aliyefariki mwaka 1309, alifundisha katika hekima zake kwamba huenda kuzuiliwa kukawa ndiko kupewa kwenyewe, na kitabu cha watoto kutoka Helsinki, kilichoandikwa mara baada ya vita ambamo mabomu yalianguka kweli kutoka angani, kinakaa karibu na fundisho hilo kuliko vitabu vingi vya ibada. Anayempa mtoto kitabu hiki anapaswa kujua kwamba kurasa zake za katikati zinatisha, na kwamba hofu hiyo ni sehemu ya kile anachokitoa.

Hali ya kitabu kama zawadi ni ya pekee kidogo mbele ya haya yote, kwa kuwa anayetoa riwaya hutoa karatasi, ambayo kwa kweli inaondoka mikononi mwake kwa ijabu, kabuli na kabdhi, lakini hadithi yenyewe, kama amekwisha kuisoma, inabaki naye nzima. Ndiyo maana kumpa mtu kitabu ambacho mtoaji hajakisoma ni kutoa nusu: hajakishika, hivyo hana cha kuachilia. Na ndiyo maana uchaguzi unadai kumjua mpokeaji. The Colour Out of Space, hadithi ya H. P. Lovecraft ya mwaka 1927 ambamo jiwe la kimondo linaisumisha ardhi, mifugo na familia ya mkulima mmoja hadi mwisho, ni kazi bora isiyofaa kupelekwa kwa mtu aliyetoka kununua shamba. Stardust inawafaa wachumba, mradi mtoaji akumbuke kwamba filamu ya mwaka 2007 iliubadilisha mwisho wa riwaya kuwa mtamu zaidi, na kwamba katika riwaya Tristran anazeeka na kufa ilhali Yvaine hazeeki. Kuna wachumba wanaoweza kulipokea hilo na kuna wasioweza. Ile ya Verne, yenye dhahabu nyingi na akili chache, inawafaa ndugu wanaogombania urithi, ingawa kwa ugomvi wa aina hiyo itabidi zinunuliwe nakala mbili.